Kutoka mwezi hadi Pluto: maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa na sayari

Mkenya aliyesoma historia akisikia "Lunatic Express" anaelewa mara moja kuwa inazungumziwa ile reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Jina lilienezwa na kitabu cha Charles Miller cha mwaka 1971, ingawa kejeli yenyewe ni kongwe zaidi. Wapinzani wa mradi huo mjini London walishaiita reli ya wendawazimu tangu enzi za ujenzi wake.

Wachache hujiuliza mwezi umeingiaje hapo. "Lunatic" inatokana na luna, mwezi kwa Kilatini: mtu ambaye akili yake hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Imani hiyo si ngeni kwetu. Hata mitaani Dar es Salaam, mtu akianza vituko utasikia wenzake wakisema ni mwezi mchanga huo. Tofauti ni kwamba Waingereza waliiingiza imani yao katika sheria, na sheria zao wakazisafirisha. Hospitali ya Mathari ya leo ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910 ikiitwa Nairobi Lunatic Asylum. Kule Marekani neno hilo lilidumu katika sheria za shirikisho hadi Desemba 2012, Rais Barack Obama aliposaini kuondolewa kwake. Kufikia wakati huo hakuna hakimu aliyekuwa akitazama mwezi. Lilikuwa limebaki tusi tupu.

Na mwezi ulihesabiwa sayari. Kabla ya Copernicus, sayari ilikuwa chochote kinachoonekana kutembea kati ya nyota zilizotulia, na vilikuwa saba: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Ptolemy wa Alexandria aliipanga elimu hiyo katika karne ya pili, wataalamu wa Kiarabu wakaiendeleza, Ulaya ikaipokea tena kwa tafsiri za Kilatini. Kila sayari ilipewa siku yake, madini yake na tabia ya watu wake. Wanajimu wa Kiarabu waliiita Zohali nuhusi kubwa, na sisi nuhusi tunayo mpaka leo.

Katika mpango huo, kumwita mtu "jovial" hakukuwa kumsifu kwa ucheshi. Kulikuwa ni kueleza chanzo cha ucheshi wake: alizaliwa chini ya Mshtarii (Jove kwa Warumi), sayari ya heri. "Saturnine" alikuwa mtu wa Zohali (Saturn), mwenye huzuni na mzito kama risasi, madini ya sayari hiyo. Ndiyo maana madaktari walikuja kuyaita madhara ya sumu ya risasi "saturnism". Katika hadithi za Chaucer za mwishoni mwa karne ya 14, yule Mke wa Bath anasema hisia zake ni za Zuhura na moyo wake ni wa Mirihi. Hapambi maneno. Anajitetea: nilizaliwa hivyo, mnataka nifanyeje? Imani ilipofifia, chanzo kilisahauliwa na tabia ikabaki. Mtu anayesema "jovial" leo hana haja ya kujua Mshtarii iko wapi.

Utaridi, ambayo Waingereza huiita Mercury, ina mkasa mrefu kidogo. Mercury wa Warumi alikuwa mungu wa wafanyabiashara, wajumbe na wezi. Katika mchezo wa Shakespeare, The Winter's Tale, ulioigizwa mwaka 1611, mchuuzi na mwizi Autolycus anajitapa kuwa alizaliwa chini ya sayari hiyo. Kwa hiyo "mercurial" alikuwa mtu mwepesi wa ulimi na wa vidole. Siku hizi magazeti hulitumia kwa kiongozi au mchezaji asiyetabirika, leo moto, kesho barafu. Nadhani madini ndiyo yaliyolivuta neno huko. Kati ya metali saba za kale, katika Kiingereza ni moja tu iliyobaki na jina la sayari yake: zebaki.

Aliyefika kwenye machimbo madogo ya Geita au Chunya ameiona ikifanya kazi. Mchimbaji huimimina kwenye mchanga uliosagwa, nayo hukimbia, hugawanyika vijipira, huungana tena, huku ikinasa chembe za dhahabu. Huikamua kwa kitambaa, kisha huchoma donge linalobaki, na mvuke wake wa sumu huenda mapafuni mwa aliye karibu. Kuna hata maandishi ya Kiswahili yanayoiita sayari yenyewe Zebaki, makosa ambayo ni wazi yamepitia Kiingereza, kwa kuwa Utaridi tulikuwa nayo.

Aliyeporomoka kuliko wote ni Zuhura, yaani Venus. "Venereal" katika karne ya 15 lilihusu mapenzi na tamaa. Karne ya 17 likafungwa kwenye magonjwa, halikufunguka tena. Kaswende yenyewe ilitibiwa kwa zebaki, ya kupaka na ya kufukiza, na Wazungu wakawa na utani kwamba usiku mmoja na Venus hulipwa kwa maisha mazima na Mercury. Dawa mpya ya kaswende, Salvarsan, ilipatikana mwaka 1910. Wanaastronomia walipohitaji kivumishi cha Zuhura, umbo sahihi la Kilatini liliwatia aibu. Wengine wakakimbilia "Cytherean", kutoka kisiwa cha Ugiriki kinachohusishwa na mungu huyo wa mapenzi. Mwishowe likashinda "Venusian", linalovunja kanuni za Kilatini lakini halimtii mtu haya. Madaktari nao wameliacha lile la zamani, na sasa halina kazi.

Sayari za baadaye hazikutoa tabia. Zilitoa metali. William Herschel aligundua Uranus mwaka 1781. Miaka minane baadaye Martin Klaproth wa Berlin akaipa jina hilo metali mpya, urani. Neptunium na plutonium zilifuata Berkeley kuanzia 1940, kwa sababu tu Neptune na Pluto ndizo sayari zilizofuata kwenye foleni. Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga. Nagasaki ilipigwa kwa plutonium, Agosti 9, 1945.

Jina Pluto lilipendekezwa mwaka 1930 na Venetia Burney, msichana wa Oxford mwenye miaka 11. Agosti 24, 2006, wanaastronomia waliokutana Prague waliivua sayari hiyo cheo kwa kura, na Januari 2007 chama cha wataalamu wa lahaja cha Marekani kikachagua "plutoed", yaani kushushwa hadhi, kuwa neno la mwaka uliopita. Zamani sayari ndiyo iliyomwamulia binadamu. Safari hii binadamu wameiamulia sayari. Neno lenyewe ni nadra kulisikia sasa. Burney, aliyefariki mwaka 2009, aliulizwa kuhusu mjadala wa cheo cha Pluto miezi michache kabla ya kura ya Prague. Alisema kwa umri wake haukumshughulisha sana, ila kama ni kuchagua, angependa Pluto ibaki sayari.