Goti Lililovunjika: Tiba Yake kutoka Kagerankanda hadi Muhimbili

Mfupa uliovunjika karibu na goti huunga kama mifupa mingine. Kazi iko kwenye goti lenyewe. Paja likivunjika katikati na kuunga likiwa limepinda kidogo, mwenye mguu atachechemea lakini atatembea. Kichwa cha muundi kikipasuka na upande mmoja kudidimia, gegedu husagika, goti hukakamaa au huegemea upande, na mkulima hawezi tena kuchuchumaa. Kwa hiyo tiba yake ina masharti mawili yanayovutana: uso wa kiungo urudi sawa, na goti lianze kukunjwa mapema. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua namna ya kuyatimiza yote mawili bila kuufungua mguu.

Katika nyanda za juu za Kigoma mivunjiko hii ilikuwapo kabla ya pikipiki. Kagerankanda, wilayani Kasulu, iko katika ukanda wa misitu ya miombo unaoendelea hadi Kibondo, na kutundika mizinga ya nyuki mitini ni kazi ya tangu zamani huko. Anayeanguka kutoka juu na kutua kwa miguu hupokea uzito wote gotini: ncha ya mfupa wa paja hushuka kwa kishindo na kupasua kichwa cha muundi. Bodaboda imeongeza namna yake, goti kugonga bampa au kubanwa chini ya pikipiki, mara nyingi pamoja na kidonda kilichojaa vumbi.

Tabibu wa kwanza alikuwa muunga mifupa wa kijijini. Alipapasa mguu, akauvuta hadi unyooke, akaufunga kwa mabanzi ya miti, kisha akarudi mara kwa mara kuukanda na kukaza upya. Kwa mivunjiko ya katikati ya mfupa kazi hii ilifaa kuliko madaktari wengi wanavyopenda kukiri. Gotini ilikwama. Kipande kilichozama ndani ya kiungo hakivutiki kwa mikono, na mabanzi yakikazwa mno nyuma ya goti, ambako mshipa mkuu wa damu umelala karibu na mfupa, mguu unaweza kufa. Waganga wa jadi hawajatoweka; Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwawekea utaratibu wa kusajiliwa, na wagonjwa wengi bado huanzia kwao.

Hospitali za misheni, kama Heri ya Waadventista na Kabanga ya Wakatoliki, na zile za serikali, zilifuata tiba iliyokuwa ya kawaida Afrika Mashariki yote: plasta au kuvuta mguu kwa uzito. Plasta iliunga mfupa na kuacha goti gumu kama gogo. Kuvuta kulikuwa na akili zaidi. Mwaka 1956 daktari Mwingereza Alan Graham Apley alieleza namna ya kutibu kichwa cha muundi kwa kuuvuta mguu huku mgonjwa akikunja goti kila siku, na mwenzake George Perkins alifundisha jambo kama hilo kwa paja. Pini ya chuma hupitishwa kwa ganzi katika muundi, chini ya mvunjiko, na kamba yenye kopo la mawe au mfuko wa mchanga huning'inia mwisho wa kitanda. Sehemu ya chini ya godoro huondolewa ili mguu ushuke na kupanda. Hakuna kisu, hakuna chuma kinachobaki mwilini. Gharama yake ni majuma mengi kitandani, na ndugu mmoja aliyeacha shamba ili kumpikia mgonjwa.

Ulaya bara ilikwenda njia nyingine. Kundi la wapasuaji la AO, lililoanzishwa Uswisi mwaka 1958, lilisisitiza kufungua, kupanga vipande kwa usahihi na kufunga mabamba ya chuma. Magoti yalikunjika mapema, lakini chale ndefu zilinyima mfupa damu, na kidonda kikiingia vijidudu mguu ulitoa usaha kwa miaka. Katika miaka ya 1990 Christian Krettek na wenzake wa Hannover walianza kuteleza bamba chini ya msuli kupitia tundu dogo, na skrubu zikaingia kwa vitundu vingine. Daktari haoni mfupa; anaona kivuli chake kwenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Tundu dogo, basi, lilidai mashine kubwa, umeme usiokatika na fundi wa kuitengeneza.

Jibu la hospitali zisizo na mashine hiyo lilitoka Marekani. Mwaka 1999 Lewis Zirkle alianzisha SIGN, shirika linalotoa msumari wa kupitishwa ndani ya mfupa na kufungwa kwa skrubu kwa kutumia kiongozi cha nje na hisia za mkono. Kwa mivunjiko ya paja iliyo juu tu ya goti, msumari huingizwa kupitia goti lenyewe. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni miongoni mwa hospitali zilizoutumia. Msumari huo hausaidii sana uso wa kiungo ukiwa umevunjika vipande vingi. Hapo skrubu, bamba na picha bado vinahitajika.

Mgonjwa wa Kagerankanda hupanda ngazi ya rufaa: zahanati, hospitali ya Kasulu, Maweni mjini Kigoma, Bugando iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, au MOI, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Kila ngazi hula siku. Baada ya majuma mawili au matatu damu iliyoganda hugeuka mfupa mchanga, vipande hushikana vilivyokaa vibaya, na tundu dogo halitoshi tena kuvisogeza. Daktari hulazimika kufungua goti kama ilivyofanywa miaka ya 1960, au kuliacha.