Kutu Ambayo Haikuwepo Kursk

Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha plastiki, Panther ya Kijerumani, chenye mota na betri ndani. Kipimo chake cha 1/35 hakikutokana na kanuni yoyote: walihitaji tu nafasi ya betri kuenea. Leo kipimo hicho kimejaa kwenye meza za waundaji wa vifaru vidogo duniani kote.

Shida ya udogo ni kivuli. Pengo la sentimita tatu na nusu kwenye chuma halisi huwa milimita moja kwenye plastiki, na chini ya taa ya sebuleni jicho halioni giza ndani yake. Kifaru kinabaki kama kipande cha sabuni. Basi mafundi wakaazima rangi ya mafuta ya wachoraji. Kwanza wanapaka vanishi kulinda rangi ya chini. Kisha wanaizimua ile ya mafuta kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, wanagusa kwa ncha ya brashi, nayo inakimbia yenyewe kwenye mifereji na kuzunguka vichwa vya boliti. Wenyewe huita kazi hii kuosha. Kichekesho ni kwamba kifaru hutoka kichafu kuliko kilivyoingia.

Ujuzi wenyewe ni wa kale. Kule Bruges, Jan van Eyck alijenga picha yake ya Arnolfini ya mwaka 1434 kwa tabaka nyembamba za rangi ya mafuta zinazopitisha mwanga. Vasari, katika kitabu chake cha 1550, alimsifu kuwa ndiye aliyeivumbua rangi hiyo. Kumbe ilikuwa ikitumika karne nyingi kabla yake. Katika miaka ya 1970 na 1980, Mbelgiji François Verlinden akasaidia sana kueneza kuosha huku kwenye modeli. Vifaru vikapata vivuli, michirizi na kutu.

Kutu ndiyo ugomvi wangu. Panther zilianza kutoka kiwandani mapema mwaka 1943. Julai mwaka huohuo, takriban 200 zilikuwa zimeshapelekwa Kursk. Nyingi zilikwama kwa ubovu wa mitambo, na baadhi injini zilishika moto. Zilikuwa na umri wa miezi tu! Sasa mtu anakuonyesha Panther ya Kursk iliyooza kutu kama meli iliyozama. Vumbi, sawa. Mafuta yaliyovuja, sawa. Masizi, sawa. Lakini kutu ya miaka kumi imetoka wapi?

Utasema ni mchezo tu wa plastiki. Lakini kutu ile inamwambia mtazamaji kwamba mashine ilichakaa kwa kutumika, na hapo inafunika habari yenyewe: silaha mpya ilikimbizwa vitani kabla haijakomaa, na waliokuwa ndani yake ndio waliolipa. Kila mchirizi ni dai kuhusu muda. Anayeandika historia anaujua mtego huu, maana uzee unapendeza kuliko ukweli.

Bahati nzuri, rangi ya mafuta hukauka polepole. Hata baada ya saa kadhaa unaweza kulowesha brashi kwa tapentaini na kufuta. Huo ni muda wa kutosha kufungua kitabu na kuangalia kifaru chako kilizaliwa mwezi gani.