Nani alishona?

Bandugu na badada wa promosyo zote, leo sitawaletea habari ya mihogo wala ya mbolea. Mutanisamehe. Ni kweli nina lisansi ya agronomi, lakini nilikomalia karibu na masini ya kushona, na leo ile masini njo itasema.

Nataka tuongee historia ya watu wanaoshona mavazi ya mashujaa wa hadithi, wanayavaa, kisha wanaenda kukutana na wapenzi wenzao wa hadithi zile. Siku hizi wanaita jambo hilo kospulei. Wengi wetu tunafikiri lilianza Japani, juu ya filamu za katuni. Neno ndiyo, lilitoka Japani: Nobuyuki Takahashi alilitumia mu gazeti mwaka wa 1983. Lakini kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kupita miaka 40, na ilianzia Marekani.

Twende New York, mwanzo wa mwezi wa 7, mwaka wa 1939. Wapenzi wa hadithi za sayansi na za dunia ya kesho wanafanya mukutano wao mukubwa wa kwanza. Wako karibu 200, na wamevaa nguo za kawaida. Wawili tu, waliotoka mbali, Los Angeles, wanaingia na mavazi ya ajabu, na joho juu ya mabega, kama watu wa miaka ambayo haijafika. Mumoja ni Forrest J Ackerman, kijana wa miaka 22. Mwingine ni Myrtle R. Douglas, mwanamuke wa miaka 35. Wenzake walimwita Morojo, jina alilokuwa nalo mu Kiesperanto. Mavazi yao yalifuata picha za muchoraji Frank R. Paul na filamu Things to Come ya mwaka wa 1936.

Kwa miaka mingi, mutu akielezea siku ile, jina la kwanza lilikuwa la Ackerman. Njo yeye « mutu wa kwanza kuvaa ». Alikuwa maarufu, aliandika sana, aliishi mpaka mwaka wa 2008, na kila mara walimuuliza habari ya zamani. Lakini mavazi yale, lake na la mwenzake, yote mawili alishona Morojo. Yeye alikufa mwaka wa 1964, karibu miaka 20 kabla hata neno kospulei halijazaliwa. Leo wanaofuata historia hii wanamwita mama wa kospulei, lakini masikio yake hayakusikia.

Tuendelee kidogo. Mwaka wa 1940, mukutano wa pili ulifanyika Chicago, na safari hii kulikuwa mashindano ya mavazi. Aliyepata nafasi ya kwanza ni David Kyle, aliyevaa kama Ming, mufalme mubaya wa hadithi za Flash Gordon. Na vazi lile lilitengenezwa na nani? Na Leslie Perri, mwanamuke mwingine, mupenzi wa hadithi kama wao. Aliyevaa njo alishinda. Mumeona? Ni mwaka wa pili tu, na desturi imekwisha kuota mizizi.

Sisemi kama Ackerman na Kyle waliiba kitu. Shida iko mu macho yetu sisi wote. Jicho linaona sura na rangi, haliangalie upande wa ndani wa nguo. Na fundi muzuri anajitahidi kabisa mushono usionekane. Akikosea kipimo, kartye nzima itajua. Akifaulu, watu wanasema: « Leo umependeza », na sifa zote zinabaki kwa aliyevaa.

Sasa muangalie teatri ya nyimbo, ile ya Broadway, ambamo waigizaji wanasema, wanaimba na wanacheza. Mimi naipenda sana, hata kama naiona paka ku kioo kidogo cha telefone, usiku, wakati megabaiti zinauzwa bei ya chini. Kule walifanya kitu kimoja cha akili: walimupatia mwenye mavazi nafasi yake. Zawadi za Tony zilianza mwaka wa 1947, na tangu mwaka ule kulikuwa zawadi ya mavazi.

Na faida yake ilionekana. Mwaka wa 1975, Geoffrey Holder, mutu mweusi wa Trinidad, alipata Tony mbili kwa mara moja kwa mchezo The Wiz: moja ya kuongoza mchezo, nyingine ya mavazi. The Wiz ni hadithi ya zamani ya Oz, ikichezwa na Wamarekani weusi. Mu muji wa Akron, mutoto mumoja mweusi alifundishwa kushona na mama yake. Alipokuwa sekondari, alitengeneza mavazi ya The Wiz pale shuleni kwao. Ni Paul Tazewell. Njo yeye alitengeneza mavazi ya Hamilton, na akapata Tony mwaka wa 2016.

Mwaka ule ule, mwezi wa kwanza, wapenzi wa teatri ya nyimbo walianza mukutano wao New York, unaitwa BroadwayCon. Kule historia zetu mbili zinakutana: vijana wanashona wenyewe makoti ya Hamilton na kuyavaa. Na mwaka wa 2025, Tazewell alipata Oscar ya mavazi kwa filamu Wicked, mwanaume mweusi wa kwanza kuipata. Wicked nayo ni hadithi ya Oz.

Hata hapo, tuseme ukweli: jina linaloandikwa ni la mutu aliyewaza vazi. Wale waliokaa ku masini mpaka usiku, wengi bado hatuwajue.

Kwa nini nawaletea hii yote? Sababu yaya yangu ni fundi wa kushona. Vikwembe vya watu alivyokata na kushona njo vilinilipia minervali, miaka yote ya iniversite. Siku ya kutetea memwari, shati niliyovaa alishona yeye. Lakini mu ukurasa wa shukrani niliandika profesa, asistanti, hata mwenye shamba aliyeniazima ardhi. Yaya nilimutia ndani ya « familia yangu yote ». Kushona ilikuwa inanipa haya mbele ya wenzangu. Memwari ile iko mu biblioteke, imekwisha kufungwa, siwezi tena kuibadilisha.

Juzi nilimwambia nataka kuandika jina lake ku ukurasa huu. Alicheka, akasema: « Hapa apana. Uandike ku ile picha ya diploma, na utie namba ya telefone, bantu banitafute. »

Nimefanya vile. Na wewe, ku picha yako ya diploma, nani alishona?