Hamubaka

Hamubaka ni kinasa cha gitaa la umeme chenye koili mbili. Kinasa cha koili moja, kama cha gitaa la Fender Stratocaster, hunasa mtetemo wa nyuzi, lakini hunasa pia mvumo wa umeme wa ukumbini kutoka kwenye transfoma na taa. Ndani ya hamubaka koili huunganishwa kinyume na sumaku zake hukinzana; kwa hiyo mvumo unaoingia kwenye koili zote mbili hufutana, ilhali mlio wa nyuzi hujumlishwa.

Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson huko Marekani, aliombea hamubaka yake hataza mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Gitaa la Gibson liitwalo Les Paul lilianza kufungwa kinasa hicho mwaka 1957. Ray Butts alibuni chake kwa ajili ya kampuni ya Gretsch karibu wakati huohuo, na ubishi wa nani alitangulia haujaisha.

Mlio wa hamubaka ni mnene, wenye nguvu, lakini hupoteza ung'avu wa juu. Kwa mpiga solo anayetaka kusikika juu ya magitaa mawili ya rithimu, hilo si jambo dogo, na wengi huona afadhali kubaki na koili moja na kuvumilia mvumo. Dawa yao jukwaani ni rahisi: kusogea mbali na transfoma, au kugeuka taratibu hadi mvumo upungue. Lakini kukata waya wa ethi kwenye plagi ili amplifaya inyamaze kunaweza kuua. Mvumo unaotokana na ethi mbovu hauondolewi na hamubaka. Mvumo huo unahitaji fundi umeme.