Vioo vya Picha na Chama cha Walimu wa Jiografia

Chama cha walimu hakizuki hewani. Hutokana na mahitaji ya kazi, na mahitaji hayo hayatengani na nyenzo. Tukikichunguza chama cha walimu wa jiografia wa Uingereza, Geographical Association, kilichoundwa Oxford mwaka 1893, tunaona kwamba kilianza kwa sababu ya vioo vya picha.

Wakati huo picha zilionyeshwa ukutani kwa taa. Picha ilichapwa juu ya kioo, taa ikawaka nyuma yake, na lenzi ikaikuza mpaka darasa zima likaiona. Vioo hivyo vilikuwa ghali na rahisi kuvunjika. Shule moja peke yake haikuweza kuwa na picha za dunia nzima. B. B. Dickinson, mwalimu wa Rugby, aliwataka walimu wenzake waungane ili wabadilishane vioo. Hatuna sababu ya kulibeza jambo hilo. Walimu wale walikwisha kuchoka kufundisha jiografia kwa kukaririsha majina ya mito na rasi, na walitambua kwamba nyenzo za kuiacha kasumba hiyo zingepatikana kwa ushirika tu. Mwaka 1901 walianzisha jarida lao, ambalo tangu 1927 linaitwa Geography.

Lakini Rugby ilikuwa shule ya watoto wa wenye mali, yaani watawala wa kesho wa makoloni. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: picha zenyewe zilitoka wapi, na zilimtumikia nani?

Miongoni mwa waasisi alikuwamo Halford Mackinder, aliyefundisha jiografia Oxford tangu 1887. Mwaka 1899 alikuja Afrika Mashariki, na tarehe 13 Septemba akafika kilele cha Batian, Mlima Kenya, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wa milima kutoka Alps. Msafara ulikuwa na Wazungu sita. Waliobaki walikuwa Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Vyombo vya kupimia na chakula vilipanda mlima vichwani mwa wapagazi, ila sifa ya kuufikia mlima iliandikwa kwa jina la mtu mmoja. (Hata hivyo vilele vikuu vilipewa majina ya malaiboni wa Kimaasai, nao hawakuulizwa.)

Mwaka 1902 Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliunda kamati ya kufundisha kwa picha, na Mackinder akawa mhimili wake. Nyenzo ile ile ya walimu sasa ilishikwa na dola. Mwaka 1907 kamati ilimtuma msanii Hugh Fisher aanze kuzunguka makoloni, akianzia upande wa Asia, kukusanya picha. Mackinder alimwelekeza atafute mambo ya namna mbili: kwanza, nchi na wenyeji wake kwa asili yao, pili, yale yaliyoongezwa na utawala wa Kiingereza. Kwa mgawanyo huo, kuli aliyetandika reli anaangukia fungu la kwanza, na reli yenyewe fungu la pili.