NOTI YA ZAMANI SIYO LAZIMA IWE DILI: Ujue ukweli kabla hujapigwa

Kuna lile tangazo linalozunguka kwenye magrupu: "Una noti ya zamani yenye picha ya Mwalimu? Tunanunua milioni tano." Ukijibu, unaambiwa utume kwanza hela ya usajili. Ukituma tu, namba haipatikani tena. Kabla hayajakukuta, tupitie historia kidogo.

Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza imepamba moto. Meli za Waingereza zimeziba bahari, na Mjerumani hapa kwetu hapati tena noti kutoka Ulaya. Akaamua kuzichapa hapahapa, Dar es Salaam na Tabora. Alizichapa nyingi mno! Mwaka 1916, Tabora wakafua hadi sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli.

Sasa angalia maajabu. Zile noti za karatasi zina zaidi ya miaka 100, lakini za rupia moja bado zimejaa kwa wakusanyaji, kwa hiyo bei yake ni ya kawaida tu. Linganisha na noti za rupia za Serikali ya Zanzibar zilizoanza 1908. Mwaka 1936 Zanzibar ikahamia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia zikaondolewa, na zilizobaki leo ni za kutafuta kwa tochi. Hizo ndizo wenye hela zao wanagombania minadani.

Umeona? Umri peke yake haulipi. Kinacholipa ni uchache na hali ya noti yenyewe. Noti za kwanza za Benki Kuu yetu, zile za mwaka 1966 za shilingi 5, 10, 20 na 100, zikiwa hazijakunjwa kama zimetoka benki leo, zina thamani kuliko zilizochakaa. Namba ya noti nayo inachangia: ikiwa ndogo sana, au tarakimu zote zinafanana, mkusanyaji anaongeza dau.

Kwa hiyo usiipige pasi, usiioshe, wala usiibandike gundi. Ukiirembesha umeiua. Iweke kwenye mfuko safi wa plastiki isiyo na PVC, mbali na jua na unyevu.

La mwisho linauma. Kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, BoT ilitoa nafasi ya kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010. Baada ya hapo siyo fedha halali tena. Mtu aliyeficha elfu kumi za 2003 akisubiri mnunuzi wa mamilioni, leo dukani hapewi hata pipi, na kwa wakusanyaji anakuta wenzake kibao wanazo.

Haya, fungua sanduku la bibi kwa adabu. Umekuta noti gani? Tuambie hapo chini, ila hela ya usajili usimtumie mtu!