Oili kwenye bomba la hewa: je, ni kweli turbo imekufa?

Haya, leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumze kuhusu oili. Si ile ya kupikia. Ni ile nyeusi unayoikuta imejipaka kwenye bomba la hewa la gari lenye turbo, hasa pale mwenye gari alipotoa boksi la filta lililotoka kiwandani akaweka ile filta ya wazi yenye umbo la koni. Vijana wa Subaru wanaipenda kwa sababu ya mlio. Hapa Mumias magari haya si machache, na mwenye gari akiona hiyo oili huambiwa jambo moja tu: turbo imekufa, tafuta nyingine.

Mimi si makanika, nimesomea kompyuta. Lakini kutafuta hitilafu ni kutafuta hitilafu. Kabla hujalaumu sehemu ya bei ghali, fuata njia iliyopitiwa na kile kitu mpaka ukifikie chanzo. Nikaamua kuifuata oili, na historia yake ikanirudisha nyuma kuliko nilivyodhani.

Kila injini inavuja kwa ndani, hata ikiwa mpya. Petroli ikiwaka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka kule chini kwenye krenkshafti na oili. Ikifungiwa humo presha hupanda na oili huanza kusukumwa nje kupitia kwenye sili. Kwa hiyo lazima itafutiwe mlango. Magari ya zamani yalikuwa na bomba lililoelekea chini tu: gari likitembea, upepo unaivuta gesi nje na matone ya oili yanabaki barabarani. Hakuna aliyejali. Vifaru vya Vita Kuu ya Pili vilihitaji njia nyingine, kwa sababu kifaru kinachovuka mto hakitaki mlango wazi chini ya injini. Gesi ikarudishwa ndani ya injini ichomwe.

Raia wa kawaida walilipata jambo hilo kwa sababu ya moshi wa Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Mholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba ule ukungu unaochoma macho unatokana na mvuke wa petroli na gesi za magari zikipigwa na jua. Sehemu ya mvuke huo ilitoka kwenye lile bomba la chini. Magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa California yakaanza kufungwa valvu ya PCV, na kufikia 1963 yale ya Marekani nzima yakafuata. Valvu hiyo ni kitu kidogo cha bei ya chini. Inatumia mvuto wa injini yenyewe kunyonya ile gesi na kuirudisha ikachomwe, ikiwa pamoja na chembe zake za oili. Kuanzia hapo oili iliyokuwa ikidondoka barabarani ikawa inapita kwenye njia ya hewa.

Turbo nayo ilikuwa na safari yake. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipata hataza mwaka 1905, lakini kwa miaka mingi turbo ilikuwa kitu cha meli, treni na ndege. Iliingia kwenye magari ya kawaida mwaka 1962, kwa Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Hiyo Jetfire ilihitaji kujazwa maji maalumu yaliyochanganywa na pombe ili injini isigonge, na wenye magari wakawa wanasahau kuyajaza. (Mtumiaji ni yule yule tangu enzi hizo, waandishi wenzangu wa programu mtanielewa.)

Sasa hapa ndipo mambo mawili yanapogongana. PCV inategemea injini inyonye. Turbo ikikolea, injini hainyonyi tena, inasukumiwa hewa. Presha ikipita kwenye PCV kurudi nyuma ingejaza tumbo la injini, kwa hiyo valvu hujifunga. Ile gesi bado inataka mlango. Watengenezaji wakaweka hosi ya pili inayoingia kwenye bomba la hewa, baada ya filta na kabla ya turbo, mahali ambapo daima kuna mvuto. Kwa maneno mengine, oili kidogo ndani ya bomba lile imo kwenye mchoro wa mtengenezaji. Ukikanyaga mafuta zaidi, inapita zaidi.

Wakenya tuliipenda turbo kupitia Safari Rally. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda na Toyota Celica Twin Cam Turbo, Juha Kankkunen akashinda na gari la aina hiyo mwaka 1985, na Waldegård tena mwaka 1986. Patrick Njiru wetu alimaliza wa 4 mwaka 1994 akiwa na Subaru Impreza, na Colin McRae akashinda na Impreza mwaka 1997. Mzee yeyote aliyesimama kando ya barabara kutazama atakuambia juu ya yale magari yenye bomba la hewa lililopandishwa kando ya kioo cha mbele. Timu tajiri za Japani na Ulaya zilipokuja kwenye vumbi na mito yetu, zilihangaika kutafuta hewa safi, mbali na udongo.

Sisi tunafanya kinyume. Tunatoa boksi lililofungwa na kuacha filta wazi chini ya boneti, kisha tunaingia barabara za murram nyuma ya trekta za miwa msimu wa kiangazi. Filta nyingi za koni ni za pamba inayopakwa oili, aina iliyopata umaarufu kwenye pikipiki za jangwani California. Ukizidisha oili wakati wa kuipaka, inanyonywa na kuchafua bomba na kihisi cha hewa, na turbo haijafanya kosa lolote.

Jirani yangu mmoja aliambiwa na gereji fulani atafute turbo, pesa ambazo kwake ni karo ya watoto wawili. Tulifungua boneti pamoja. Bomba jipya halikuwa na tundu la ile hosi ya pili, basi aliyelifunga aliikata hosi na kuiachia ipumue hewani, karibu na filta. Oili yote ilikuwa nje, imekamata vumbi jekundu mpaka imekuwa kama ugali. Ndani, feni ya turbo ilikuwa kavu. Alirudisha bomba la zamani na hosi yake, akafuta kila kitu, akaendesha wiki tatu. Ulibaki utando mwembamba wa ndani ambao kitambaa kimoja kinaumaliza.

Na turbo iliyokufa kweli utaijuaje? Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa bomba ushike ncha ya feni. Ikicheza kidogo sana kando ni sawa, maana shafti yake huelea juu ya oili. Ikisogea mbele na nyuma, au mapanga yake yakiwa yamekwaruza ukuta, hapo sina la kubisha. Angalia pia moshi wa buluu nyuma ya gari, na oili nyingi kwenye mabomba yanayotoka turbo kwenda injini. Lakini hata hapo, kabla ya kutoa pesa, kagua kwanza bomba linalorudisha oili kutoka turbo kwenda chini. Likiziba, hata turbo mpya kabisa itatema oili siku utakayoifunga.